Ohio: shule ya mtandaoni ya serikali, au nimtoe nimsomeshe mwenyewe?

BintiChumbageni

Habari zenu wana jamvi. Naomba mawazo kabla sijafanya jambo nikaja kujuta.

Niko Columbus, Ohio, mwaka wa sita huu. Watoto wawili: wa kiume ana miaka 12, yuko la saba, wa kike ana 8, yuko la tatu. Huyu mkubwa ana mateso kwenye basi la shule tangu Septemba. Mwanzo walikuwa wanamcheka lafudhi, nikasema yatapita. Mwezi uliopita karudi na begi limekatwa mikanda yote miwili kwa mkasi. Nimekwenda shuleni mara tatu, nimejaza fomu, jibu ni "tunalishughulikia". Sasa kila asubuhi anaumwa tumbo, na Jumamosi tumbo haliumi. Mimi mama, naelewa.

Jirani yangu Mmarekani ana watoto wanne, hakuna hata mmoja aliyekanyaga shule, anawafundisha mwenyewe mezani. Ananiambia nimtoe tu, ni barua moja, hiyo wanayoiita homskuli. Binamu yangu naye anasema nisijitese, kuna shule za mtandaoni za serikali, bure, kompyuta wanakuletea mpaka mlangoni. Mimi naona ni kitu kile kile, mtoto yuko nyumbani anasoma. Tofauti iko wapi? Na ipi ina nafuu kwa mtu kama mimi: nahudumia wazee zamu ya usiku, saa 5 usiku mpaka saa 1 asubuhi, na mume ni dereva wa lori, tunamwona Ijumaa kwa Ijumaa akijaaliwa.

Halafu mama yangu Tanga nikimwambia mjukuu wake haendi shule, si atapanda ndege aje kunichapa?

MzeeWaMasafa

Bure ni bure dada. Chukua kompyuta.

MamaMakuti

Binti wa Chumbageni, pole, na mpe pole kijana. Huyo wa juu msamehe, ana haraka ya barabara. Mimi nimepita njia zote mbili, mtoto yule yule, Ohio hii hii, kwa hiyo nitaandika kirefu. Bandika chai.

Kwanza ondoa hilo la kuwa ni kitu kile kile. Shule ya mtandaoni ni shule. Ina mwalimu mkuu, walimu wenye leseni, daftari la mahudhurio, na mitihani ya jimbo, tena wakati wetu mtihani wenyewe haukufanyiwa nyumbani, nilimpeleka mtoto kituoni akaufanye ana kwa ana. Kwa serikali mwanao ni mwanafunzi wa shule ya umma kama alivyo leo, kilichoondoka ni jengo. Ukimtoa ukamsomesha mwenyewe, shule ndiyo wewe. Mtaala wewe, ratiba wewe, na akifika la kumi na mbili cheti unakisaini wewe.

Mwanangu nilimwingiza mtandaoni 2021, la sita. Jina la shule silitaji. Boksi likaja: kompyuta, vitabu, mzani wa plastiki, hadi mbegu za maharage za somo la sayansi. Nikasema Marekani hii! Wiki ile ile mwalimu akanipigia, dada mstaarabu, akaniambia mimi ndiye "kocha wa masomo" wa mtoto wangu. Nikaona nimepewa cheo. Kumbe nimepewa kazi, na mshahara wake ndiyo hiyo bure anayoisema Mzee. Shule hizi lazima zioneshe saa 920 za masomo kwa mwaka, kwa hiyo kila jioni nafungua akaunti, si yake, yangu, nathibitisha leo kasoma saa ngapi na alifanya nini. Mtoto akikosa saa 72 za masomo mfululizo bila sababu, jina linafutwa.

Nilikuwa naona ni usumbufu mpaka mtu mmoja msikitini akanieleza ulikotoka. Ohio hapa kulikuwa na shule ya mtandaoni kubwa kuliko zote, ECOT, ilifunguliwa mwaka 2000. Jimbo lilipokuja kudai uthibitisho wa saa ambazo wanafunzi walisoma kweli, hesabu zikagoma, wakatakiwa warudishe mamilioni ya dola. Januari 2018 ikafungwa, katikati ya mwaka, maelfu ya watoto wakabaki wanatafuta shule. Tangu hapo kila mtu anahesabu saa kama mwenye duka anavyohesabu chenji.

Sasa sikiliza kisa changu. Mimi pia nilikuwa usiku, jikoni kwenye hospitali. Siku hiyo nimerudi, nimewasha kompyuta yake, nimemwona kakaa, nikaenda kulala saa 3. Saa 5 nikaamka kunywa maji. Namkuta kijana kalala kwenye kochi, mto usoni. Kompyuta iko mezani inaongea peke yake, mwalimu anafundisha uwiano. Kipanya kimefungwa uzi mweusi, ule wangu wa kushonea, na uzi umefungwa kwenye feni ya mezani. Feni ikigeukia dirishani kipanya kinakwenda, ikirudi kipanya kinarudi. Mfumo unaona mwanafunzi yupo na ana bidii! Nilisimama na glasi yangu sijui nicheke au nitafute ufagio. Kwa ule ufundi ningempa alama zote. Kwenye uwiano alipata 31.

Ndiyo maana mimi swali nakurudishia wewe: saa 4 asubuhi, nyumbani kwako, nani yuko macho? Mtoto wa miaka 12 hajisimamii mbele ya kioo chenye michezo yote ya dunia. Wapo wanaoweza, wangu hakuweza.

2022 nikamtoa nikamfundisha mwenyewe. Wakati ule sheria ilikuwa na mizunguko: saa 900, orodha ya vitabu unavyotumia, na mwisho wa mwaka mtoto afanye mtihani au mwalimu mwenye leseni akague kazi zake aandike kuwa anaendelea. Oktoba 2023 wakayaondoa hayo karibu yote. Siku hizi unamwandikia msimamizi wa shule wa wilaya yako kila mwaka kabla ya Agosti 30 kupita, na ukimtoa katikati ya mwaka kama unavyotaka wewe, ndani ya siku 5 tangu uanze. Jina lako, anwani, jina la mtoto, na ahadi kwamba atafundishwa Kiingereza, hesabu, sayansi, historia, mambo ya serikali na maarifa ya jamii. Yeye ana siku 14 kukujibu kuwa kaipokea. Hakuna mtihani. Hakuna mtu wa kuja kugonga mlango. Nyepesi mpaka inatisha.

Cha ajabu, kwa mtu wa usiku hii ilinikaa vizuri kuliko ile ya mtandaoni. Hakuna aliyesema hesabu lazima isomwe asubuhi. Nilikuwa nalala mpaka saa 8 mchana, saa 9 tunakaa mezani, saa 12 jioni tumemaliza, napika. Asubuhi yeye anasoma vitabu vya maktaba, na mimi nikiamka ananisimulia. Kwa Kiswahili, maana ilikuwa inanitoroka lugha ya mtoto wangu hivi hivi naiona. Sehemu na desimali zilimwingia kwenye cherehani. Nashona madera ya kuuza, wateja wengine wanataka kwa yadi, wengine kwa mita, nikamkabidhi kalamu: jora la yadi 25, dera moja linakula yadi 3 na robo tatu, nipe idadi na nipe kipande kinachobaki. Akikosea, kitambaa changu kinapotea, kwa hiyo hakukosea mara mbili.

Lakini nikupe na upande wa pili, maana wanaosifia homskuli hawausemi. Mimi Kiingereza cha kuongea ninacho, cha kuandika ninakionea haya. Bila kujua, miaka miwili mizima nikawa nalikwepa somo la insha. "Leo tusome", "leo tufanye hesabu". Aliporudi shule ya kawaida 2024, la tisa, wakampa mtihani wa kumpanga: kusoma alikuwa juu ya wenzake, kuandika wakamweka na watoto wanaohitaji msaada. Lile pengo lilikuwa umbo langu mimi. Mtoto wa homskuli anachukua mashimo ya mwalimu wake, na mwalimu ni mmoja.

Upweke nao upo kote kote. Hapa Ohio mtoto anayesomeshwa nyumbani sheria inamruhusu kucheza michezo na shule ya wilaya anayoishi, wangu alicheza mpira. Chakula je? Ile staftahi na chakula cha mchana cha shule unakisahau, na kijana wa miaka 13 akishinda nyumbani anakula kama ana shimo.

Ushauri wangu: binti mwache alipo, ana furaha, usihame nyumba nzima kwa paa moja kuvuja. Na huyu mkubwa usiache kumpeleka kabla barua haijaondoka. Akikosa saa 30 za masomo mfululizo bila ruhusa, au 42 ndani ya mwezi mmoja, anaandikwa mtoro, na hayo mazungumzo hutayapenda. Tuma kwa rejista, risiti ibandike kwenye friji.

Mama yako mwambie mjukuu anasoma kwa mwalimu wa peke yake. Si uongo.

BabaUvira_Erie

Pole mama yangu. Mimi ni Mkongomani, niko Erie, Pennsylvania, na nilicheka hiyo feni mpaka mke wangu akatoka chumbani kuuliza kuna nini.

Naongeza moja, kwa sababu watu wanasoma hapa kutoka majimbo mengi. Ya Ohio msiyapeleke Pennsylvania. Huku kusomesha nyumbani ni hati ya kiapo, siku 180, faili la kazi zote za mtoto ambalo mkaguzi analipitia kila mwaka, na mitihani darasa la tatu, la tano na la nane. Na mzazi anayesimamia lazima awe na cheti cha sekondari au kinacholingana nacho. Diplome yangu ya Leta, cheti cha serikali cha kumaliza sekondari kule Kongo, iliungua na nyumba, Uvira. Nyarugusu, kambi ya wakimbizi Tanzania, tulikaa miaka kumi na moja, na nilifundisha hesabu watoto wa kambi, darasa la watoto themanini, ubao mmoja. Hapa nikaambiwa siwezi kumfundisha mtoto wangu wa kuzaa kwa sababu sina karatasi. Sikukasirika, niliketi tu kwenye gari muda.

Tukachukua shule ya mtandaoni. Huku hatujuti. Wetu ni msichana, 14, anaamka mwenyewe, na ana mwalimu wa Kiingereza kwa wageni anayekutana naye kwenye skrini, wao wawili tu. Hiyo ni haki yake kama mwanafunzi wa shule ya umma. Ukimtoa ukamfundisha mwenyewe, msaada huo hakuna anayelazimika kukupa. Mke wangu baadaye alifanya GED, mtihani wa kupata cheti kinacholingana na cha sekondari, akapata, kwa hiyo leo tungeweza kiapo kile. Tulimuuliza mtoto, akasema mwalimu wake hamwachi.

Kule kwetu mtoto anafukuzwa darasani kwa minerval, yaani karo. Hapa analetewa darasa nyumbani na anafunga kipanya kwenye feni. Dunia!

MwlSkrini

Hamjambo. Mimi ni mwalimu, Mkenya, nafundisha hesabu katika mojawapo ya hizo shule za mtandaoni, Ohio, sitasema ipi kwa sababu napenda kula. MamaMakuti, feni sijawahi kuiona. Nimeona kipanya kimewekwa juu ya saa ya ukutani iliyolazwa chali, mshale wa sekunde unakitikisa. Siku hizi mfumo hauhesabu kipanya peke yake, unaangalia kazi zilizowasilishwa, lakini watoto wako mbele yetu hatua mbili daima.

Nitasema ukweli wa pande zote. Sheria inaruhusu mwalimu mmoja awe mlezi wa wanafunzi hadi 125. Nina mia na kidogo. Mtoto asiyefungua kamera wala kuandika swali, mimi namjua kwa jina na alama, basi. Na kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wa 2015, ulilinganisha wanafunzi wa shule hizi za mtandaoni na wenzao wa shule za kawaida: kwenye hesabu walikuwa nyuma kwa kiasi cha siku 180 za masomo. Mwaka wa shule wenyewe ni siku 180. Niliusoma nikiwa nimeshaanza kazi, sikulala vizuri.

Lakini wanaofaulu kwetu nawajua pia, kwa macho. Mtoto mgonjwa anayekwenda hospitali kila wiki. Msichana mwenye mtoto. Na wa namna ya huyo kijana wako dada, aliyekuwa anaonewa: mwezi wa kwanza hasemi, mwezi wa tatu anaandika mzaha kwenye gumzo la darasa, ndipo najua amerudi. Karibu wote hao nyumbani kuna mtu mzima macho, hata kama ni bibi asiyejua neno la Kiingereza, anafuma vitambaa pembeni tu. Kuwepo kwake kunatosha. Si lazima ajue aljebra, aljebra ni kazi yangu.

Kama mtoto ana mpango wa elimu maalumu, wa maandishi, huo unahama naye kuja mtandaoni, sisi tunalazimika kuutekeleza. Kwenye kusomesha nyumbani unabaki na karatasi.

Ila dada, nikikusoma vizuri, tatizo lako halina masomo ndani yake hata kidogo. Lina basi. Kabla ya yote andika barua pepe shuleni, si kwenda kwa miguu: tarehe, nini kilitokea, picha ya lile begi. Kila wilaya Ohio inatakiwa na sheria iwe na sera ya maandishi kuhusu uonevu, na maneno yakiwa kwenye maandishi wanalazimika kuyafuata. Uliza pia kama wilaya yenyewe ina darasa lake la mtandaoni, nyingi zilianzisha wakati wa korona na baadhi hawakuyafunga. Hapo mtoto anabaki wa wilaya ile ile na kurudi darasani ni rahisi zaidi.

MamaMakuti

Mwalimu kasema kweli kwenye barua pepe. Mimi la saa ya ukutani limenimaliza. Asisome mwanangu hapa.

MzeeWaMasafa

Nafuta usemi wangu. Lakini kompyuta nzuri.

BintiChumbageni

Wapendwa, nimewasoma wote mara mbili, mara ya pili kwa sauti, kijana akiwa anasikiliza. Aliponyanyua kichwa ni kwenye feni tu.

Nikamuuliza, wewe unataka nini. Kanyamaza, halafu kasema, "Mama, shule naipenda. Sayansi tunapasua chura mwezi ujao. Sitaki basi." Hivyo tu. Wiki sita nimehangaika na shule mbili ambazo mtoto hakuziomba.

Barua pepe nimeituma jana na picha ya begi. Leo leo nimepigiwa, tena na mtu ambaye mara tatu zile niliambiwa hayupo. Kwa sasa nampeleka mwenyewe: natoka kazini saa 1, nafika nyumbani na nguo za kazi, nampakia, namshusha mlangoni, ndiyo narudi kulala. Jioni binamu yangu anamchukua. Yeye ndiye aliyeleta habari za kompyuta, basi naye atoe mafuta.

Nimeomba kazini wanihamishe zamu ya jioni kuanzia Januari. Wakikubali na huko shuleni pasipotulia, nitakuwa macho asubuhi, tutajaribu mtandaoni, kwanza hiyo ya wilaya kama ipo. Kumfundisha mwenyewe nimejipima nikaona BabaUvira ana darasa la themanini mgongoni na mimi nina la watoto wangu wawili ambao hata kufua soksi hawanisikilizi. Barua ya MamaMakuti nimeiandika hata hivyo, iko kwenye friji, haina tarehe.

Mama yangu Tanga nimempigia, nikamsimulia yote. Kasikiliza mpaka mwisho, akauliza hilo begi lilishonwa? Nikasema bado. Akasema, "Lishone."

Nimelishona. Na feni ya mezani nimeihamishia chumbani kwangu.